Je, Fahamu ya Watu Wote ni Moja?

Liko swali moja la zamani ambalo halichakai. Wahindi waliliuliza, Waislamu wa Andalusi waliliuliza, walimu wa Paris walishindana juu yake hata askofu akaingia kati, na leo vijana wetu waliosoma hulileta nyumbani wakati wa likizo na kuliweka mbele ya wazee, ambao pengine hukasirika badala ya kujibu. Swali ni hili: Je, Mungu ni Bwana azijuaye nafsi zetu, Yeye akiwa mwingine na sisi wengine? Au Mungu ndiye ile fahamu yenyewe iliyo ndani ya kila mtu, moja tu kwa watu wote, kama maji ya bahari moja yajazayo kila hori la pwani?

Kwanza tulipime neno lenyewe, maana mabishano mengi hutokea kwa sababu watu wawili hutumia neno moja kwa maana mbili. Mtu akirukwa na akili, angali anaona na kusikia, ila mawazo yake yamevurugika. Mtu akikata roho, amekwenda zake wala hatumtazamii kurudi. Lakini mtu akianguka na kuzimia, twasema amepoteza fahamu. Na akifumbua macho na kuuliza yuko wapi, twasema fahamu zimemrudia. Basi fahamu ni ule mwanga wa ndani ambao kwa huo mtu aona na kujua kwamba aona, aumwa na kujua kwamba aumwa. Wenye mafundisho haya wasema ya kwamba mwanga huo si wangu wala si wako. Ni mmoja, nao ndio Mungu.

Huenda msomaji akasema, "Haya ni maneno ya wenye vyuo. Yatufaa nini sisi wenye majembe?" Twajibu ya kuwa yatufaa sana, kwa sababu mambo matatu ya kila siku yametundikwa juu ya jibu lake, nayo ni toba, shukrani, na huruma. Mtu atubuye hutubu kwa mwingine aliyemkosea. Mtu ashukuruye humshukuru mwingine aliyempa. Mtu ahurumiaye humhurumia mwingine anayeteseka. Ikiwa hakuna mwingine, ikiwa kote duniani ni Mmoja tu ajijuaye mwenyewe kwa njia nyingi, basi mambo haya matatu yatafanana na kazi ya mtu apigaye hodi mlangoni pa nyumba yake mwenyewe, akajiitikia mwenyewe, "Karibu."

Lakini haifai kumshinda mtu kwa kumnyima kauli. Mafundisho haya hayakutungwa na wajinga wala na watu waovu, nayo yana hoja zenye nguvu. Tutazitaja tatu, na kila moja tutaitaja kwa uzuri wake kabla ya kuipima.

Hoja ya kwanza yatoka Bara Hindi. Huko waalimu wa kale, Gaudapada, na baada yake Shankara, ambaye wataalamu wengi humweka katika karne ya 8, walifundisha ya kuwa nafsi ya ndani kabisa ya mtu na Mungu aliye asili ya vyote si vitu viwili. Mfano wao ni mtungi. Ndani ya mtungi mna nafasi tupu, na nje ya mtungi pana nafasi kubwa isiyo na mpaka. Mfinyanzi hakuumba nafasi ile ya ndani, alizungusha udongo tu. Mtungi ukivunjika, nafasi ya ndani haiendi popote, maana tangu awali ilikuwa ni nafasi ile ile moja. Hivyo, wasema, miili yetu ni mitungi, na fahamu ni nafasi. Nao walijua watu watauliza: mbona mimi nikihuzunika, jirani yangu aweza kuwa anacheka? Wakajibu ya kuwa mtungi mmoja ukiingia moshi, mitungi mingine haiingii moshi, na hata hivyo nafasi ni moja.

Hoja ya pili ni ya Ibn Rushd, aliyezaliwa Cordoba mwaka 1126 akafa Marrakesh mwaka 1198. Alikuwa kadhi na tabibu, na mfasiri mkuu wa vitabu vya Aristotle. Yeye hakusema ya kwamba akili za watu ni Mungu. Alisema tu ya kuwa akili ile ipokeayo maarifa ni moja kwa wanadamu wote. Na sababu yake kila mwalimu aweza kuielewa. Mbili mara mbili ni nne kwa mtoto wa Tanga na kwa mtoto wa Bukoba, wala hizo si nne mbili tofauti. Mwalimu akifundisha hesabu, hamegi kipande cha ujuzi wake kama mkate akampa mtoto, naye akabaki na pungufu. Bali wote wawili wafikia ujuzi ule ule mmoja. Basi ikiwa kijulikanacho ni kimoja, je, akili ikijuayo isiwe moja?

Hoja ya tatu ndiyo inayogusa moyo. Arthur Schopenhauer, mwanafalsafa wa Ujerumani (1788–1860), alipeleka insha juu ya msingi wa wema kwa Chama cha Kifalme cha Sayansi cha Denmark, na mwaka 1840 chama kile kikamnyima tuzo, ijapokuwa insha yake ilikuwa ya pekee iliyoletwa. Alisema ya kuwa wema wote watoka katika huruma. Na huruma yawezekana kwa sababu ukuta kati ya mtu na mtu ni wa maonekano tu. Amhurumiaye mwingine amejiona mwenyewe ndani ya mwenziwe, na hekima ya Wahindi aliitaja kuwa shahidi wake. Maana yake ni kwamba tukikana umoja huu twaukata mzizi wa upendo wenyewe.

Sasa na tuzipime, tukianza na ile ya pili.

Hoja ya Ibn Rushd ilipofasiriwa Kilatini, ilifika Paris, na katika karne ya 13 walimu wengine wa chuo kile, ambao Siger wa Brabant ndiye ajulikanaye kuliko wote, waliifundisha. Mwaka 1270 Thomas wa Aquino aliandika kitabu kidogo kuipinga, na tarehe 10 Desemba mwaka ule ule Askofu Étienne Tempier alikataza maneno 13, na la kwanza lilikuwa hili, ya kuwa akili ya watu wote ni moja. Katazo la askofu laweza kuufunga mdomo, bali haliwezi kuufungua moyo. Kwa hiyo tuliache, tusikilize hoja ya Thomas. Alisema neno jepesi sana: mtu huyu anafikiri. Si kwamba kuna kufikiri kunakopita ndani yake kama upepo upitao dirishani. Ni yeye anayefikiri. Wazee wetu walilisema jambo hilo kwa maneno machache zaidi: akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Wafuasi wa Ibn Rushd walijibu ya kwamba mtu huyu ashiriki katika ile akili moja kwa sababu akili hiyo huzitumia picha zilizomo katika mawazo yake. Ndiyo maana mmoja huelewa na mwingine haelewi. Picha zao ni mbalimbali. Thomas akawaonyesha ukuta. Ukuta una rangi, na rangi yake imo machoni mwangu ninapoutazama. Je, ukuta unaona? Hauoni, unaonwa. Vivyo hivyo, kama picha zangu zatumiwa na akili nyingine, si mimi nijuaye. Mimi ni ukuta tu, na mwingine anitazama. Kila mwalimu aliyesimama mbele ya ubao ajua ukweli wa neno hili. Watoto 40 wasikia maneno yale yale. Mmoja macho yamng'aa, maana ameelewa, na jirani yake angali gizani. Tukimfundisha yule wa pili mpaka jasho litutoke, ni kwa kuwa twajua kuelewa kwa mwenziwe hakumtoshi. Sharti aelewe yeye.

Lakini tusikimbie kabla ya kujibu juu ya mbili mara mbili. Jibu limo katika mfano wa nuru, ambao Aristotle mwenyewe aliutumia kwa habari ya akili. Jua ni moja, macho ni mengi. Watu 100 walioko sokoni wauona mbuyu mmoja kwa nuru moja, wala hatuhitaji kusema ya kuwa wana jicho moja. Kweli ni moja, na yule aliye asili ya kweli ni mmoja. Ndiyo maana watu wawili wasiojuana waweza kupatana. Basi hoja hii yathibitisha ya kuwa nuru ni moja. Haithibitishi ya kuwa mtazamaji ni mmoja.

Turudi kwenye mtungi. Mfano ni mzuri, ila umeacha jambo moja nje. Mtungi ukijaa moshi, haujui kwamba una moshi. Hauwashwi macho, haukohoi, hauombi mlango ufunguliwe. Lakini mtu akijaa huzuni, huzuni hiyo yajulikana na mwenyewe, na huko kujulikana ndiko kuumwa kwenyewe. Kwa hiyo twauliza: mtoto wa jirani akilia usiku kwa jino, ni nani anayeumwa? Ikiwa ni ile fahamu moja, nayo ndiyo iliyo ndani yangu, mbona mimi nimelala? Na wakijibu, kama Shankara na wafuasi wake wajibuvyo, ya kuwa maumivu ni ya mwili na mawazo, na fahamu yenyewe ni shahidi tu asiyeguswa, basi wametupa Mungu aonaye machozi yote ya dunia bila hata moja kumfikia. Shahidi wa namna hiyo hana kosa, lakini mjane hana la kumwambia. Wakristo wasoma habari za Bwana aliyelia pamoja na waliomlilia Lazaro. Hakulia kwa kuwa Yeye ndiye Martha na Mariamu. Alilia kwa kuwa aliwapenda.

Hapo twafika kwenye hoja ya Schopenhauer, ambayo twaona ni kubwa kuliko zote. Je, ni kweli ya kuwa huruma yatoka katika umoja wa fahamu? Na tumtazame mama aliyepakata mtoto mwenye homa. Angekuwa na uwezo, angeihamisha homa ile katika mwili wake mwenyewe mara moja. Hawezi. Homa i pale, mkono wake uko juu ya paji la uso la mtoto, na kati ya mkono ule na homa ile pana mpaka ambao upendo wote wa mama hauwezi kuuvuka. Wahenga walijua mpaka huo waliposema: adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Kama fahamu ingekuwa moja, mama asingehitaji kukesha akiusikiliza mwendo wa pumzi, angejua tayari. Akesha kwa sababu hajui. Auliza, "Waumwa wapi, mwanangu?" kwa sababu hajui. Na kuuliza kule, na kukesha kule, ndiko upendo.

Tena, mfikirini Msamaria katika njia ya Yeriko. Kama yeye na yule aliyejeruhiwa walikuwa nafsi moja iliyovaa miili miwili, basi alipofunga majeraha yale alijifunga mwenyewe, na fedha aliyomwachia mwenye nyumba ya wageni ilitoka katika mfuko wake ikarudi katika mfuko wake. Hapo hapana neno la kusifiwa; hata mlevi hujihurumia mwenyewe akijikata kidole. Ajabu ya habari ile ni kwamba yule alikuwa mwingine kabisa, wa taifa jingine, ambaye maumivu yake Msamaria hakuyasikia mwilini hata chembe, na hata hivyo alishuka juu ya mnyama wake. Umoja wa Schopenhauer wageuza huruma kuwa namna ya kujipenda. Alitaka kuutunza mti wa upendo. Kwa kutokujua ameung'oa akaupanda katika shamba la ubinafsi.

Haki yataka tuseme pia ya kwamba Shankara hakumruhusu mtu kufanya apendavyo. Alifundisha ya kuwa madamu mtu yumo katika ulimwengu huu wa maonekano, wema ni wema na ubaya ni ubaya. Lakini kwetu sisi inaleta tofauti kubwa kama wema ni wa kweli mpaka mwisho au ni wa kweli kwa muda tu. Mtu aliyekopa mbuzi, akaja barazani kusema, "Ndugu yangu, katika kweli ya mwisho mimi na wewe ni mmoja, kwa hiyo mbuzi yuko kwa mwenyewe," hatapata mzee hata mmoja wa kumwunga mkono. Watacheka kwanza, kisha watamwambia alete mbuzi. Nao watakuwa wamefanya falsafa nzuri bila kujua, maana wameshuhudia ya kuwa deni ni kitu cha kweli, na mkopeshaji ni mtu wa kweli.

Wala tusidhani ya kuwa jibu hili ni la Wakristo peke yao. Huko huko kusini mwa Bara Hindi, katika karne za 11 na 12, alitokea Ramanuja, aliyevisoma vitabu vitakatifu vile vile alivyovisoma Shankara, naye akampinga. Alifundisha ya kuwa nafsi zote na ulimwengu wote zamtegemea Mungu kama mwili umtegemeavyo mwenye mwili. Zimo ndani yake, zaishi kwa Yeye, wala hazina uhai mbali naye. Lakini hazifutiki ndani yake. Kwa Ramanuja njia ya wokovu ni kumpenda Mungu na kujitia mikononi mwake, na mwenye kupenda hawezi kuyeyuka asiwepo, kwa kuwa asipokuwepo upendo wake nao haupo. Hakuwa Mkristo, na katika mambo mengi hatupatani naye. Walakini katika hili aliona jambo ambalo mama mwenye mtoto mgonjwa aliona.

Basi tuseme nini? Twasema ya kuwa mafundisho ya fahamu moja yamejaa nusu za kweli, na nusu ya kweli haipaswi kutupwa, yapaswa kukamilishwa. Ni kweli ya kuwa Mungu hayuko mbali na mtu yeyote. Mtume Paulo alipohutubu Areopago mjini Athene, hakuwakemea Wayunani kwa neno la washairi wao juu ya ujamaa wa wanadamu na Mungu. Alilipokea neno lile akajenga juu yake. Ni kweli ya kuwa nuru ijulishayo watu wote ni moja. Ni kweli pia ya kuwa majivuno yetu, ambayo kila mtu hujidhania kisiwa, ni ndoto mbaya, na ya kuwa mtu ni watu. Lakini karibu si sawa na moja. Mwenye nyumba na mgeni wake hukaa mkeka mmoja, hula sinia moja, na furaha ya karamu ni kwamba wako wawili.

Na kama mtu akituuliza Mungu awezaje kuyajua maumivu ya mtoto kutoka ndani, wala Yeye asiwe mtoto yule, twakiri ya kuwa hapo akili zetu zasimama mlangoni. Lakini twaona neno moja wazi. Sisi kwa sisi twajuana kwa kuuliza, na kwa kuuliza tu. Ndiyo sababu adabu ya nchi yetu yaanza kwa salamu ndefu, ambazo wageni wenye haraka huziona ni kupoteza wakati. Habari za nyumbani? Watoto hawajambo? Mgonjwa aendeleaje? Kila swali katika hayo ni kukiri ya kuwa mwenzangu ana nyumba ya ndani ambayo siwezi kuingia bila hodi, na ya kuwa yaliyomo humo yanihusu.

Kwa hiyo, wasomaji wapenzi, kijana akija na mafundisho haya msimfukuze barazani. Mpeni kiti, msikilizeni mpaka mwisho, kisha mwulizeni kwa upole: kama sote ni mmoja, nani atamwomba nani msamaha? Na ninyi mlio na ugomvi na jirani, wala msijifariji kwa kusema ya kwamba Mungu ajua mioyo yote, hivyo hapana haja ya kwenda. Mungu ajua, jirani hajui. Yeye yungali akingoja kusikia kwa kinywa chako, na njia ya kufika kwake ni ile ile ya miguu, ipitayo mbele ya mlango wake.